Ufa wa Nyuma ya Kabati

Sogeeni, mliokaa mbali sogeeni. Hadithi hii haina jini wala sungura. Ina nyumba, ina ufa, na ina watu watatu waliofanya jambo moja. Mwenye jibu la haraka aliweke chini ya ulimi kwanza, atalitoa tukifika mwisho.

Kwemhunga ni kitongoji kilichoning'inia ubavuni mwa milima ya Usambara. Huko jirani wa juu akimwaga maji ya vyombo, jirani wa chini anajua leo wamekula nini. Na huko waliishi watu watatu, kila mmoja na jaliwa lake.

Tunu alikuwa mshonaji, na jaliwa lake lilikuwa jicho. Siku moja bwana harusi alipita mbele ya kibaraza chake, na Tunu, bila hata kuinuka kwenye cherehani, akamwita: "Kaka, mguu wa kushoto wa suruali yako umezidi." Wakacheka. Wakapima. Ulikuwa umezidi upana wa kucha.

Injinia Kaniki alikuwa mkaguzi wa majengo, na jaliwa lake lilikuwa subira. Ukimuuliza swali leo, atakujibu siku atakayokuwa na hakika. Watu walimpachika jina la Bwana Ngoja-Kwanza, naye aliliitikia kama jina alilopewa na mama yake.

Mbaruku alikuwa mwashi, na jaliwa lake lilikuwa mikono iliyofungwa kwenye moyo usiotetemeka. Jiwe likiwa halitaki kukaa, alilizungusha mkononi, akalibembeleza, mpaka likakaa. Na mahali ambapo waashi wenzake walitazama wakakumbuka watoto wao, Mbaruku alivua shati akaingia.

Sasa basi, hapo Kwemhunga alikuwapo pia mjane, Bi Sikudhani. Marehemu mumewe, Mzee Shebughe, alimjengea nyumba ya mawe na matofali ya kuchoma, yenye kibaraza kinachotazama bonde lote. Katika nyumba hiyo alizaa, akalea, akazika. Sasa magoti yalikuwa yamekataa mlima. Binti yake wa Tanga mjini alikuwa amejifungua mapacha, na kila akipiga simu ilikuwa neno moja: "Mama, njoo. Huko juu unakaa na nani?" Bi Sikudhani akaazimia kuuza nyumba, ashuke akanunue vyumba vyake karibu na wajukuu, asiwe mzigo wa mkwe. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Nyumba ile ndiyo ilikuwa uzee wake wote.

Dalali Hoza akamletea mnunuzi upesi. Alikuwa mwalimu Ngoda, kijana mpole, na mkewe Rehema, na watoto wao wanne waliokimbia chumba hadi chumba wakigawana vitanda ambavyo havijawekwa. Mdogo wao wa kike alichagua chumba cha kona, kile chenye dirisha la bondeni. "Hiki changu," akasema, akajilaza sakafuni kuonyesha mahali pa kichwa na mahali pa miguu.

Bi Sikudhani akafurahi. Akataka nyumba ipendeze siku ya makubaliano. Akamwita Tunu ampimie mapazia mapya.

Tunu akaja na futi yake, akapima, akashona, akarudi kuyatundika. Chumba cha kona akakitundikia pazia, akarudi nyuma hatua chache, akakunja uso.

"Shangazi," akasema, "pazia hili nimekata pande zote sawa."

"Naona, mwanangu. Limependeza."

"Limependeza, lakini upande wa kulia linagusa sakafu, na wa kushoto linaelea. Pazia halijakosea. Dirisha ndilo limeinama."

Akaenda mlangoni, akausukuma mlango, ukakwama kwenye fremu. Akatazama kabati kubwa la nguo lililosimama kwenye kona. Akaliegemea kwa bega, akalisogeza. Nyuma ya kabati palikuwa na ufa. Ulianzia chini kabisa ya ukuta, ukapanda kama ngazi, tofali hadi tofali, mpaka karibu na dari. Chini ungeweza kuingiza kidole.

Bi Sikudhani akakaa kitandani. Alikuwa hajalisogeza kabati lile tangu mumewe afe.

Hoza alipoitwa, hakushtuka hata kidogo. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye methali kwa kila hali. "Mama, wahenga walisema nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuuzibe! Lipu kidogo, rangi juu, kabati lirudi mahali pake. Kesho kutwa mwalimu anakuja, mnapeana mikono, kwaheri."

"Na mvua zikija?" akauliza Tunu.

"Wewe umeitwa kwa mapazia." Hoza akamgeukia mama. "Bi Sikudhani, ukimchunguza sana bata humli. Ukileta mkaguzi, akisema nyumba mbovu, imekwisha. Hata wa kuinunua kwa bei ya mawe humpati. Na wewe binti, neno hili likitoka hapa, mimi nina nyumba nyingi za kupambwa, na mapazia yake hutayashona wewe."

Tunu alikuwa na kodi ya kibaraza ya kulipa, na nusu ya kazi zake zilipitia kwa Hoza. Akaikunja futi yake, akaikunjua tena. Kisha akasema, "Shangazi, kitanda cha yule mtoto kitakaa hapa. Kichwa chake kitakuwa chini ya ufa huu. Mimi siwezi kukaa kimya. Usipomwambia Mwalimu wewe, nitamwambia mimi."

Hoza akatoka akibamiza mlango, lakini mlango haukubamizika. Ulikwama nusu.

Jioni hiyo Bi Sikudhani hakula. Aliuweka mkono juu ya ufa, akahisi ubaridi unatoka ndani. Alimkasirikia Tunu kwa kuona. Alimkasirikia marehemu kwa kujenga, akajuta papo hapo, akaomba radhi. Aliwaza mapacha ambao hajawabeba. Kisha akamwaza yule mtoto, kichwa huku, miguu kule. Akajisemea kwa sauti, peke yake chumbani: "Kuziba si kuficha. Wahenga hawakusema tufiche."

Asubuhi akamwita mwalimu Ngoda, akamwonyesha ufa, akamwambia yote. Mwalimu akaupitisha kidole ufani. "Mama," akasema, "sikimbii. Lakini sinunui mpaka aseme mtu anayejua. Masika hayako mbali. Nitasubiri nione ukaguzi unasema nini."

Ndipo akaitwa Injinia Kaniki.

Alizunguka nyumba nzima mikono nyuma. Alining'iniza timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kwenye pembe, akapiga magoti, akachungulia, akainuka. Bi Sikudhani akamfuata kama mama anayemfuata daktari wodini.

"Itaanguka?"

"Ngoja kwanza."

Akachukua vipande vyembamba vya kioo, akavilaza juu ya ufa, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, akavigandisha kwa saruji upande huu na upande ule. "Kioo hakijui kupinda," akasema. "Kama ufa huu ni wa zamani na nyumba imeshatulia, kioo kitabaki kizima. Kama ukuta bado unatembea, hata kwa unywele, kitapasuka. Usikiguse."

Siku zikapita, na Kwemhunga nzima ikawa inauliza habari za kioo kama inayouliza habari za mgonjwa. Hoza akaleta mnunuzi mwingine, mfanyabiashara wa mboga aliyetaka nyumba ile awe nayo tu, hakujali ina nini. "Huyu hakagui kitu," Hoza akanong'ona. "Chukua, uende kwa wajukuu." Bi Sikudhani alikiri baadaye kwamba alitamani kukubali. Lakini akasema, "Na yeye akiwapangisha watu wenye watoto? Mwambie asubiri kama ninavyosubiri mimi."

Asubuhi moja aliingia chumbani akakuta kioo cha chini kimepasuka katikati.

Alilia. Alilia kwa sauti mpaka Tunu akavuka uwanja mbio. Injinia alipofika akakitazama kioo, akakigusa kwa ukucha, na ajabu, uso wake ukafunguka. "Sasa tunajua," akasema. "Nyumba isogeayo ina kitu kinachoisogeza. Mama, usililie kioo, kimefanya kazi yake. Tutafute."

Waashi wawili waliokuwa wamepita kutazama walishasema dawa ni moja: bomoa ukuta, jenga mwingine. Injinia hakuugusa ukuta. Alichimbisha shimo nje ya kona, chini hadi kwenye msingi. Mawe ya msingi yalikuwa mazima, yamepangwa vizuri, na Bi Sikudhani akamshukuru mumewe kimoyomoyo. Lakini udongo uliokuwa chini ya mawe ulikuwa uji. Wakati huo ni kiangazi, mahindi yanakauka shambani, na chini ya kona ile udongo ni uji!

"Maji haya yanatoka wapi?" akauliza Mwalimu.

"Ngoja kwanza."

Injinia akapanda mlima. Akafuata mfereji wa kumwagilia uliopita juu ya nyumba, ule uliochimbwa upya na wakulima miaka michache iliyopita. Akaomba bluu ya kufulia nguo. Tunu akakimbia akaleta pakiti zote alizozikuta dukani. Injinia akaikoroga ndani ya ndoo, akaimimina mahali ambapo mfereji ulipinda kwenye mwamba. Kisha akashuka, akakaa kando ya shimo, akaomba chai.

Watu wakajaa. Wengine wakasema amechoka, wengine wakasema wasomi wana mambo yao. Chai ikaisha, akaongezewa. Jua likahama. Ndipo Rehema, mke wa Mwalimu, aliyekuwa ameinama shimoni, akapiga ukelele: "Bluu! Bluu hiyo!"

Kweli. Kutoka kwenye ukuta wa shimo, chini ya nyumba, maji yalikuwa yanachuruzika, ya bluu kama kanga mpya. Mfereji ulikuwa unavuja kwenye ule mwamba, na maji yakawa yanatembea chini kwa chini miaka yote, yakilamba udongo chini ya kona ya Mzee Shebughe. Kama wangebomoa ukuta na kujenga mwingine, maji yangeula na huo.

Wakulima wenyewe wakashika majembe wakauziba mfereji kwa saruji pale ulipovuja, na kwa upande wa juu wa nyumba wakachimba mtaro wa mawe wa kuyapeleka maji korongoni. Lakini kona ilikuwa bado imekaa juu ya uji, na mawingu yalianza kukusanyika.

Injinia akaeleza dawa: ichimbwe chini ya msingi, kipande kwa kipande, udongo laini utolewe, mawe na zege viingie mpaka kwenye ardhi ngumu. Ukichimba kipande kikubwa mara moja, kona inashuka nawe ukiwa chini yake. Waashi wakatazama, wakakumbuka watoto wao. Mmoja akasema ana mazishi Bumbuli.

Mbaruku akavua shati.

Aliegemeza ukuta kwa magogo, akaingia chini ya nyumba kama mtu anayeingia uvunguni mwa kitanda. Alichimba kipande, akajaza, akangoja kigande kama Injinia alivyomwelekeza, akahamia kingine. Injinia alikaa juu akisoma timazi, Mbaruku chini akichimba, na wawili hao wakawa wanazungumza siku nzima kama mtu na mgongo wake. "Vipi huko?" "Ngumu inaanza." "Simama hapo." "Nimesimama."

Akiwa kwenye kipande cha mwisho, manyunyu ya kwanza yakaanguka. Udongo wa upande ukateleza. Gogo la kuegemezea likahama, na nyumba ikatoa mlio, mlio mdogo tu, kama mzee anayeinuka kitini. Bi Sikudhani, aliyekuwa kibarazani, anasema aliuhisi kwenye meno.

"Toka!" Injinia akapiga kelele. "Mbaruku, toka!"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Mbaruku aliiona. Lakini aliona pia kwamba gogo likiteleza lote, kona inakuja chini, na ukuta wote unafuata. Akaliwekea bega. "Leteni jingine," sauti yake ikatoka chini ya nyumba, nzito. "Upesi, lakini msikimbie ovyo." Wakaleta gogo, Mwalimu upande huu, Injinia upande ule, matope mpaka viunoni, wakalipigilia kabari. Mbaruku akatoka akiwa na bega lililochunika hadi nyama. Akaomba maji, akanywa, akarudi ndani kumalizia zege.

Kisha masika yakaja, nayo yalikuja kwa hasira. Ilinyesha mpaka watu wakasahau rangi ya anga. Ng'ambo ya bonde shamba zima la kabichi lilishuka likaingia mtoni. Ghala la chama cha ushirika, jengo jipya lenye rangi bado inanukia, lilikaa chini upande mmoja kama ngamia. Na mvua ilipokatika, Kwemhunga yote ikapanda kwa miguu, bila kuitana, kwenda kutazama nyumba ya Bi Sikudhani.

Ilikuwa imesimama. Mtaro ulikuwa ukinguruma maji kwenda korongoni. Injinia akaingia chumba cha kona, ambako alikuwa amebandika vioo vipya. Watu wakajazana mlangoni, mlango ambao sasa ulifunguka na kufungwa kwa kidole kimoja. Akakigusa cha juu. Akakigusa cha kati. Akapiga magoti, akakigusa cha chini, akakitazama mpaka watu wakaanza kuguna.

"Injinia!" akapaaza sauti Bi Sikudhani. "Usiniambie ningoje!"

Kwa mara ya kwanza watu wakamwona Kaniki anacheka. "Usingoje tena, mama. Vizima vyote. Nyumba hii itawazika wajukuu wa hawa watoto."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilivuka bonde. Rehema alimkumbatia Tunu, Mwalimu alimnyanyua Mbaruku kwa upande wa bega zima, na yule mdogo wa kike akajilaza tena sakafuni mahali pake. Siku hiyohiyo Mwalimu na Bi Sikudhani wakapeana mikono, kwa bei ileile ya mwanzo, hakuna aliyepunguza wala kuongeza. Wachinja mbuzi wakachinja. Hata Hoza alikuja, akala, na akaonekana akiwaambia watu kwamba yeye siku zote hupenda ukaguzi.

Na hapo ndipo mtanziko ulipozaliwa.

Siku ya kuhama, gari likiwa limepakiwa, Bi Sikudhani alikwenda bandani akamtoa Tausi. Tausi alikuwa mtamba, mwekundu mwenye paji jeupe, wa ukoo wa ng'ombe wa maziwa ambao Mzee Shebughe aliwafuga tangu ujana. Ng'ombe wale hawakuwahi kuuzwa. Walitolewa tu, kwa mtu aliyeistahili heshima ya nyumba. Tanga mjini hapakuwa na mahali pa kumfuga. Bi Sikudhani akashika kamba, akasema mbele ya watu, "Nyumba ya mume wangu imesimama. Atakayemchukua Tausi ni yule aliyeisimamisha."

Watu watatu wakatazamana.

Tunu akasema kwa heshima, "Shangazi, wenzangu walilipwa ujira wao, na ni haki yao. Mimi sikulipwa, na sikudai. Nilipoteza kazi za Hoza. Lakini kama ningekunja futi yangu nikaenda zangu, ni nani angeuona ufa?"

Injinia akasema, "Ni kweli, jicho liliona ufa. Lakini ufa si ugonjwa, ufa ni kilio cha mgonjwa. Waashi waliokuja kabla walitaka kubomoa ukuta na kuyaacha maji. Mngejenga mwingine, na masika haya yangewaangushia na huo. Kama nisingesubiri hadi bluu itoke, Mbaruku angechimba wapi?"

Mbaruku akajikuna jirani na kovu. "Mimi sijui maneno. Ila kujua dawa si kupona. Ujira nilioupokea ulikuwa wa mawe na zege. Lile gogo sikuliwekea bega kwa ujira."

Mashemeji wa Bi Sikudhani, waliokuja kumuaga, wakaanza. Mmoja akasema auzwe wagawane. Bi Sikudhani akamtazama mpaka akajificha nyuma ya gari. Mwingine akasema mmoja amfuge, ndama awe wa wenzake. Lakini mama akauliza, "Na atakayemfuga ni nani? Hilo ndilo ninalouliza." Bibi mmoja jirani akasema, "Mimi naona Tausi ni wako mwenyewe, Sikudhani. Ni wewe uliyekataa kuficha." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Nitamfuga wapi, kwa mkwe, kwenye veranda?" Lakini niliambiwa kwamba Mwalimu Ngoda hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia neno la kweli.

Dereva akapiga honi. Mapacha walikuwa wanangoja Tanga. Tausi akanyoosha shingo, akaramba mkono wa Tunu, akanusa viatu vya Injinia, akasugua paji lake kwenye bega zima la Mbaruku. Naye hakutoa msaada wowote.

Mimi nimeishia hapo, na Bi Sikudhani bado ameshika kamba. Haya, toeni sasa yale majibu mliyoficha chini ya ndimi. Aliyeona akasema, aliyengoja akajua, aliyeingia akabeba: kama kamba ingekuwa mkononi mwako, na honi inapigwa, ungemkabidhi nani?